Jirani Yetu Afande

Msomaji mpenzi, ikiwa una mtoto chuoni utanielewa upesi. Majuzi dada yangu alinipigia simu saa nne za usiku, saa ambayo simu yake huwa hailetI habari njema. Mwanawe, ambaye ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, alikuwa amemwambia kwamba ameamua kuacha masomo ajiunge na jeshi. "Wewe ndiye mjombake," dada akaniambia. "Nenda Wendani ukaseme naye kabla hajanivunja moyo."

Jumapili iliyofuata nikapanda matatu, nikateremka Kahawa Wendani. Ikiwa hujafika huko siku nyingi, mtaa utakupotea. Ghorofa zimesimama bega kwa bega, nguo zinaning'inia kwenye kila roshani, na chini yake kuna vibanda vya chapati na madondo, vinyozi, maduka ya kutoa kopi na akina mama wanaokata sukuma wiki huku wakipiga soga. Wanafunzi ni wengi. Lakini ukitulia utawaona watu wa aina nyingine pia: mwanamume aliyenyolewa nywele karibu na ngozi, viatu vyake vinameta kuliko vya mwalimu mkuu, anatembea mgongo wima na mfuko wa mboga mkononi. Huyo huna haja ya kumuuliza anafanya kazi wapi.

Wendani ni neno la Kikikuyu lenye maana ya kupendana. Basi mtaa wa kupendana ni jirani wa kambi ya jeshi. Ama kweli, dunia ina mambo!

Nilimkuta mpwa wangu ghorofa ya tatu, katika chumba chenye kitanda, jiko la gesi na vitabu viwili. Sikumgombeza. Nilimwacha aseme yake, naye akayasema bila kupepesa macho. "Mjomba, huko chini anakaa koplo mmoja na familia yake. Mwezi ukiisha, yeye anapata mshahara. Mimi mwezi ukiisha napata deni. Nisome miaka minne ili nikatembeze vyeti mjini?"

Utamjibu nini kijana wa namna hiyo? Maneno ya "soma mwanangu, elimu ni bahari" ameyasikia tangu shule ya chekechea. Nikamuuliza swali moja, ambalo nakuuliza wewe pia: "Unajua hapo unaposomea palikuwa nini zamani?" Alidhani palikuwa shamba la kahawa. Hakukosea sana, kwa maana jina la mahali lenyewe latuambia hivyo, lakini katikati ya shamba na chuo kuna kisa ambacho wengi wanaopita katika lango lile kila siku hawajakisikia.

Kabla sijakusimulia kisa hicho, hebu nikupeleke mbali kidogo, hadi Urusi. Huko, katika mkoa wa Smolensk, kuna mji mdogo uitwao Yelnya, wenye wakazi wapatao 10,000 tu. Mnamo Septemba 1941 Jeshi la Sovieti liliutwaa mji huo kutoka mikononi mwa Wajerumani, na divisheni zilizopigana huko zikawa za kwanza kupewa jina la heshima la Walinzi. Mji ukatekwa tena, ukakombolewa mara ya pili mwaka wa 1943. Mwaka wa 2007 serikali ya Urusi iliupa Yelnya cheo cha Mji wa Utukufu wa Kijeshi. Miji yenye cheo hicho hujengewa mnara, na mtoto wa shule huko hukua akijua babu zake walipigania wapi.

Je, sisi tuna mji wa namna hiyo? Watu wengi watataja Nanyuki, Gilgil au Lanet. Mimi nasema usiende mbali. Panda gari mjini Nairobi uifuate barabara kuu ya Thika, ile iliyopanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka wa 2012, kisha uhesabu sare utakazokutana nazo. Ruaraka kuna makao makuu ya kikosi cha GSU na ya Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS. Kahawa kuna kambi ya Jeshi la Kenya. Ruiru kuna chuo cha kuwafunza askari jela. Ukifika Thika utawakuta wanajeshi wahandisi wa kikosi cha 12. Safari ya kilomita zisizozidi hamsini, na karibu kila kituo kina gwaride lake!

Sasa turudi Kahawa. Katika miaka ya 1950 Waingereza walikuwa wameipoteza India, na baada ya fedheha ya Mfereji wa Suez mwaka wa 1956 walitaka mahali pa kuweka wanajeshi wa kutumwa haraka katika nchi zinazopakana na Bahari ya Hindi. Wakaichagua Kenya. Kahawa wakajenga kambi kubwa, wakaiita Templer. Mwezi Julai 1961, Kuwait ilipohofia kuvamiwa na Iraq, wanajeshi wa brigedi ya 24 ya Uingereza iliyokuwa na makao yake Kenya walikuwa miongoni mwa waliokimbizwa huko. Kwa hiyo mambo ya Ghuba yalizigusa kambi za Kenya kabla hata bendera yetu haijapandishwa.

Na huyo Templer alikuwa nani? Alikuwa Jenerali Gerald Templer, aliyepata sifa kwa kuwakabili wapiganaji wa msituni huko Malaya kuanzia mwaka wa 1952. Kati ya 1955 na 1958 yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa jeshi zima la nchi kavu la Uingereza. Sasa zilinganishe tarehe. Katika miaka hiyo hiyo Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na mzee mmoja alikuwa kifungoni Lokitaung, kaskazini kabisa, baada ya kuhukumiwa Kapenguria mwaka wa 1953. Jina lake Jomo Kenyatta. Na Februari 18, 1957, katika gereza la Kamiti lililo karibu na Kahawa, Dedan Kimathi alinyongwa.

Uhuru ulipokuja Desemba 1963, ilikubaliwa kwamba wanajeshi wa Uingereza wangeondoka katika muda wa mwaka mmoja. Hata kabla ya kuondoka waliitwa kazini: Januari 1964 askari waliasi Tanganyika, kisha Uganda, na Januari 24 uasi ukazuka katika kambi ya Lanet, Nakuru, ukazimwa kwa msaada wa Waingereza waliokuwa bado nchini. Baadaye kambi ya Templer ikakabidhiwa serikali ya Kenya.

Hapa ndipo pana jambo ambalo nataka ulishike, msomaji. Serikali ile changa ilikuwa na sababu zote za kuijaza kambi hiyo bunduki. Ilikuwa imetoka tu kuonja uasi, na mpakani kaskazini mashariki kulikuwa na vita vya shifta. Lakini ilikuwa pia na shule zisizo na walimu. Mwaka wa 1965 kambi ya Templer ikageuzwa kuwa Chuo cha Kenyatta, chenye kitengo cha shule ya sekondari na kitengo cha kufunza walimu. Mabweni ya askari yakawa mabweni ya wanafunzi. Jina la jenerali likafutwa, likaandikwa jina la mfungwa wa Lokitaung.

Mengine yalifuata polepole. Katika miaka ya 1970 chuo kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka wa 1985 Bunge likakifanya chuo kikuu kamili. Kwa bahati, mwaka huo huo, hatua chache kutoka hapo, watafiti wa Ruiru walitoa mbegu ya kahawa iitwayo Ruiru 11, inayostahimili ugonjwa wa chulebuni. Kwa hivyo mwaka wa 1985 eneo hilo lilitoa mbegu mbili, ya shambani na ya darasani.

Jeshi nalo halikuhama Kahawa. Jeshi la Kenya lina kambi yake huko hadi leo. Kengele ya mhadhara na tarumbeta ya kambini zimekuwa majirani kwa zaidi ya nusu karne.

Nilipomweleza mpwa wangu haya, alinyamaza, kisha akauliza swali la kijana mwerevu: "Sasa mjomba, unataka kuniambia kwamba kitabu ni bora kuliko bunduki?"

Hilo sikulisema, na wewe pia nakusihi usiniwekee maneno kinywani. Mtu asiyejua deni letu kwa wanajeshi na atembee mijini mwetu. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zote zinabeba jina la wale wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, ambao walibebeshwa mizigo ya majeshi na kufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Kibera ilianza kwenye ardhi waliyokalishwa askari wa Kinubi wa kikosi cha KAR, ambacho wazee wetu walikiita Keya. Wazee wengine wa Keya walipelekwa hadi Burma wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Hata Kiswahili chetu kinadai sehemu yake, kwa maana ndicho kilichomfanya Mkamba, Mnandi na Mluo wapokee amri moja na kusimuliana habari za nyumbani usiku.

Na mambo ya jeshi si bunduki pekee. Nyimbo za Maroon Commandos, bendi ya wanajeshi iliyoongozwa na Habel Kifoto, zimechezwa katika harusi ngapi? Jenerali Daniel Opande aliongoza kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa huko Sierra Leone. Jenerali Lazaro Sumbeiywo ndiye aliyekuwa mpatanishi katika mazungumzo yaliyozaa mkataba wa amani wa Sudan, uliotiwa sahihi Nairobi Januari 2005. Wasichana wanaosoma ukurasa huu nao wasijione wageni: Fatuma Ahmed alipandishwa cheo kuwa meja jenerali mwaka wa 2018, mwanamke wa kwanza kukifikia cheo hicho katika Majeshi ya Ulinzi ya Kenya, na mwaka wa 2024 akateuliwa kuliongoza Jeshi la Wanahewa.

Kwa hiyo sikumwambia kijana asiende jeshini. Nilimwambia, "Twende kwanza chini tukamjulie hali huyo koplo unayemwonea wivu."

Tulibisha hodi. Mlango ulifunguliwa na mke wa koplo, mama mwenye umri wa kama miaka thelathini, mtoto mgongoni na mwingine akifanya hesabu za shule mezani. Tulikaribishwa chai kabla hata hatujajieleza. Koplo hakuwapo. "Baba yao yuko Somalia," alisema, kwa sauti ya mtu anayesema mumewe ameenda sokoni. Mpwa wangu akanitazama. Alikuwa ameishi juu ya familia hiyo miezi mingi bila kujua.

Unakumbuka kwamba majeshi yetu yalivuka mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo sasa anaandika insha. Mama huyo alituambia kwamba mshahara huingia, kweli, na kodi ya nyumba hulipwa. Lakini simu ya mumewe huweza kukaa kimya kwa siku kadhaa. Asubuhi ya Januari 15, 2016, kambi ya wanajeshi wetu iliposhambuliwa El Adde, yeye alikuwa bado mchumba tu. "Tangu siku ile," alisema, "redio ikianza habari mimi huipunguza sauti kwanza, halafu naiongeza kidogo kidogo." Akacheka. Sisi hatukucheka.

Nilimuuliza kama majirani wa ploti humsaidia. Alisita, kisha akasema wengi hawajui. Wanafunzi huja na kuondoka muhula ukiisha, na wengine wakisikia ni nyumba ya afande hupita mbali, kana kwamba bunduki imeegemezwa nyuma ya mlango. Siku mtoto alipougua usiku, alimbeba peke yake hadi barabarani kutafuta gari.

Msomaji, hapo nilijionea aibu, maana hata mimi nilikuwa nimeingia katika ploti hiyo nikidhani kazi yangu ni kumwokoa mpwa wangu.

Nikakumbuka tena Yelnya. Mji ule una cheo na sherehe zake. Lakini mwishoni mwa 2021 picha za setilaiti zilionyesha vifaru na magari ya kivita yamerundikana karibu nao, na Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine. Urithi wa kijeshi una hatari hiyo. Mji ukizoea kusimuliwa ushindi wa mababu pekee, vijana wake wanaweza kuchukuliwa tena bila mtu kuuliza bei. Kwetu Kahawa tumeingia shimo la upande wa pili. Sisi hatusimulii chochote. Kijana anauona mshahara wa koplo lakini hauoni usiku wa mke wa koplo. Anakaa darasani katika kambi ya zamani na hajui kwamba kuna watu waliokaa chini wakaamua pawe na darasa.

Je, mpwa wangu aliamua nini? Sitakudanganya kwamba alipiga magoti akatubu. Tulirudi juu, tukahesabu pamoja. Nilimweleza kwamba jeshi haliwachukui waliomaliza kidato cha nne peke yao. Huwachukua pia wenye shahada, kama makadeti na kama maafisa wataalamu, wakiwemo wahandisi na madaktari. Mlango wa jeshi hautafungwa kwa sababu amesoma. Lakini mlango wa chuo, akiupiga teke leo, huenda asiukute wazi kesho. Na akitaka kwenda, aende kwa kuipenda kazi yenyewe, akijua gharama yake, si kwa kukimbia deni la kodi. Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga, na hawakuwa wakizungumzia matatu za barabara ya Thika pekee.

Alinikubalia jambo moja: atamaliza mwaka huu, kisha tuzungumze tena. Kuhusu deni, mamake na mimi tumekubaliana kuchangia kodi ya miezi miwili, naye atafute kibarua cha wikendi. Hapo ndipo penye ugonjwa wa vijana wengi, wazazi wenzangu. Mtoto anapokwambia anataka kuacha shule, muulize kwanza amekula nini jana.

Lakini habari iliyonifurahisha ilikuja juma lililofuata. Dada alinipigia simu tena, safari hii mchana. Mwanawe sasa huteremka ghorofa ya chini jioni mbili kwa juma kumfundisha hesabu yule mtoto wa koplo. Halipwi pesa, hulipwa chapati. Namba yake ya simu imebandikwa ukutani kwa yule mama, kwa ajili ya usiku ambao mtoto ataugua. Dada akaniuliza, "Sasa ameacha habari za jeshi?" Nikamjibu, "Hajaziacha. Lakini sasa anazijua."

Nawe msomaji, nakupa kazi ya Jumapili hii. Ikiwa u mwanafunzi unayepita katika lango lile, mwambie mwenzako mmoja jina la Templer na mwaka wa 1965. Ikiwa mtaani kwenu kuna mzee mstaafu wa jeshi, yule anayekaa nje ya duka akicheza drafti kwa vifuniko vya soda, mwombe akusimulie alikotumwa, uyaandike maneno yake kabla hajaondoka nayo. Walimu wa historia, hiyo ni kazi nzuri ya kuwapa wanafunzi wakati wa likizo. Na ikiwa katika ploti yenu kuna mlango ambao baba yake haonekani miezi mingi, usipite mbali. Bisha hodi. Pengine ni nyumba ya afande, na aliye ndani hahitaji mnara wala cheo, ila jirani wa kumshikia mtoto mmoja anapompeleka mwingine hospitali.

Mtaa ule haukuitwa Wendani bure. Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.